Honi Ina Kazi Moja

Pazi amekufa kitandani, kafunikwa shuka safi, binti yake anampepea. Kwa mtu aliyeishi kwenye kiti cha winchi, kufa kitandani ni cheti tosha, sijui kingine. Binti huyo, Mwanahawa, alinipigia simu asubuhi nikiwa uani kwangu nakagua waya wa winchi yangu kubwa. Ninazo mbili. Nalisema hilo mapema ili msomaji ajue anasoma maneno ya nani: mimi niliacha shule darasa la nne, sikurudi, na leo mhandisi mwenye kofia nyeupe akitaka kitu kizito kiende juu hapa Tabora, ananitafuta mimi Maganga. "Baba mdogo," akasema Mwanahawa, "mtani wako ametutoka." Nikakaa juu ya tairi. Nikamwuliza, "Ametoka kweli, au anataka hongo?" Akacheka huku analia, kwa sababu ndivyo mtani anavyopaswa kuuliza, na baba yake angefurahi. Nilipokata simu wazo la pili lilinijia, na sikulipenda: Mzee Kasanda atakuwepo mazishini. Mzee Kasanda hajaniitikia shikamoo tangu mwaka ule wa ghala. Yeye sasa haoni vizuri, mimi nina sukari, na Pazi, aliyekuwa akituambia kila Idi kwamba mmoja wetu atatangulia na mwenziwe abaki akijuta, ametangulia yeye.

Nieleze kwanza huu utani, maana vijana wanadhani ni kuchekeshana tu. Pazi alikuwa Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Babu zetu walijuana kwa njia moja, kutoka huku Unyanyembe hadi pwani: sisi mizigo kichwani, wao wakitupokea mwisho wa safari, wakitulaza na kutuibia. Wengine walikufa njiani wakazikwa na wenzao wasio ndugu zao. Ukishamzika mtu wa watu, mnakuwa watani. Unamtukana, unamvua kofia, unakula chakula chake mbele ya macho yake, naye hana ruhusa ya kukasirika. Na akifa, una haki ya kusimama mbele ya jeneza lake na kuzuia njia mpaka ulipwe kitu, hata kiwe kipande cha muhogo. Tena maneno ya utani hayapelekwi barazani. Hilo lishike, maana lilimgharimu mtu kazi.

Mwaka ule nilikuwa situlii. Nilikuwa nimetoka Ipole kwenye tumbaku na mizinga ya nyuki, nikaona nimeondoka, lakini miguu haikukubali kwamba imefika. Nilipanga chumba kwa Mzee Kasanda, mtaa wa Ng'ambo, chumba cha mwisho kushoto, kitanda cha kamba, dirisha dogo kiasi cha kupitisha kichwa cha mbuzi. Ukuta wa kugawa vyumba haukufika juu, kwa hiyo nilimiliki kila neno la nyumba ile kama wao walivyomiliki kikohozi changu. Garimoshi likipiga honi usiku kule stesheni, mimi nilikuwa nimeshaketi kitandani. Nikasikia jioni moja baada ya chakula, Mzee Kasanda akimwambia mkewe, "Kijana huyu analala kama abiria." Mkewe, Mama Kalunde, akajibu, "Mwache. Wewe ulipokuja kwetu kuposa hukukaa hata kwenye kigoda, ulisimama kama unadaiwa." Mzee akasema, "Nilisimama kwa heshima." Mama Kalunde akasema, "Ulisimama kwa sababu kaka yangu alikuwa na fimbo." Nikacheka kimya nikauma shuka. Ndani ya nyumba ile nilikula michembe ya karanga ambayo sijapata kula tena mfano wake, viazi vilivyokaushwa juani vikapikwa vikawa laini, tamu, vya rangi ya asali mbichi. Na ugali wa muhogo na uyoga wakati wa mvua. Mama Kalunde alinipakulia kama mwanawe. Mzee Kasanda hakunipakulia kitu, lakini alinipeleka kazini.

Kazi ilikuwa ujenzi wa ghala kubwa la tumbaku karibu na reli. Mzee Kasanda alikuwa kiongozi wa genge la wabebaji, wote Wanyamwezi, watu wa mabega. Walikuwa na nyimbo za kubebea nguzo, na Mzee ndiye aliyeanzisha, sauti nzito kama ngoma iliyoloa. Ndipo winchi ikaja. Ilikuja na garimoshi kutoka Dar es Salaam, imefungwa juu ya behewa lisilo na kuta, na kitini mwake, safari nzima, kakaa mtu mmoja mwembamba aliyevaa kofia ya kiua kwenye jua lile. Akateremka, akatutazama sisi wote tulivyojipanga, akasema, "Assalaamu alaikum, wapagazi wangu. Babu yangu aliniambia bado mnamdai kupumzika." Genge likalipuka. Mzee Kasanda akamjibu papo hapo, "Mwenye deni ni wewe, mla papa. Babu yako alikula ubani wa babu yangu aliyefia njiani, na leo umeleta dude libebe badala yako kwa sababu shingo ya Mzaramo ni ya kuvalia shanga." Huyo ndiye Pazi. Kabla ya saa sita alikuwa ameshakula michembe yangu yote.

Mimi nilikitaka kile kiti. Sikuwa nimewahi kukitaka kitu namna ile. Mtu anakaa, anavuta nyenzo kwa vidole viwili, na chuma ambacho watu wa Kasanda wangekiimbia mpaka adhuhuri kinaondoka ardhini kama unyoya. Nikamwambia Pazi anifundishe. Akaniambia, "Kiti ni cha mwisho. Cha kwanza ni mikono yako." Akanifanya mpiga ishara wake. Kidole cha shahada juu, mkono unazunguka: inua. Kidole chini: teremsha. Mikono yote miwili imetandazwa, viganja chini: simama hapo hapo, usihoji. "Anayeniongoza ni wewe peke yako," akasema, "nikipokea ishara za watu wawili nimekuwa punda wa harusi. Lakini ishara ya simama, hiyo yeyote anitolee. Hata mpika uji." Kisha akanifundisha ardhi. Winchi yake ilikuwa na miguu minne ya chuma inayotoka ubavuni na kukanyaga chini kabla ya kuinua chochote, na chini ya kila mguu tuliweka mataruma, yale magogo ya kulalia reli, tabaka juu ya tabaka, ili uzito utawanyike. Kila asubuhi Pazi alizunguka, akikanyaga udongo kwa kisigino, akichomeka nondo, akiinama kama mtu aliyeangusha sindano. Na kila alipoinama alimwuliza aliye karibu: "Hapa chini pana nini?" Huyu mtu wa pwani alijua mchanga, alijua mawe ya matumbawe. Udongo wetu hakuujua, na hakuona haya kuuliza. Mimi nilikasirika na kuchelewa kule. Nilitaka vitu viende juu. Nilikuwa naona kila dakika ya kukanyaga udongo ni dakika niliyoibiwa.

Sasa nifike kwenye hongo. Zamani, msafara ukipita nchi ya mtemi fulani, ulilipa kitu ndipo ukapita. Hiyo ndiyo iliyoitwa hongo, siyo hii ya kupeana chini ya meza. Pazi akaifanya mchezo. Ikifika saa ya uji alizungusha mkono wa winchi ukiwa mtupu, hauna mzigo, akateremsha ndoano mpaka ikafika kifuani mwa mtu kwenye njia ya kwenda jikoni, akapiga honi ndefu, akatoa kichwa dirishani: "Nchi hii ya Pazi! Lipeni hongo mpite!" Watu wakatundika kwenye ndoano kifuko cha karanga, sigara, muwa. Ndoano ikapaa nacho mpaka dirishani kwake. Na genge lilikuwa na jibu lake. Siku wasipotaka kulipa, Mzee Kasanda alikaa chini pale pale mbele ya ndoano, akanyoosha miguu vumbini, akafunga mikono: "Leo hatulipi! Wapagazi wamegoma!" Wote wakakaa nyuma yake. Pazi alipiga honi, alitukana, aliapa kwa makaburi ya Bagamoyo, hakuondoka mtu, mpaka yeye mwenyewe akashuka na kuwaomba radhi kwa sigara. Hapakuwa na mzigo ndoanoni hata siku moja. Kwa hilo simlaumu, alikuwa mwangalifu kuliko mtu yeyote niliyemjua. Lakini angalia alichotufundisha bila kutaka: kwamba honi ikilia, kaa chini.

Mvua za kwanza zilipoanguka mwaka ule, kumbikumbi walitoka. Upande wa nyuma wa kiwanja kulikuwa na kichuguu kikubwa, kirefu kumpita mtu, na genge zima lilikizunguka na mabeseni. Tulirudi Ng'ambo na debe zima, Mama Kalunde akawakaanga kwa chumvi tu, nyumba ikanukia mafuta, majirani wakaja na visahani bila kualikwa. Baada ya wiki chache greda lilipita likasawazisha upande ule wote, likashindilia, ukawa tambarare kama uwanja wa mpira. Mama yake Mzee Kasanda alifariki katikati ya mvua hizo. Kabibi kadogo, alikuwa akinikalisha kizingitini na kuniuliza habari za Ipole kana kwamba ni ng'ambo ya bahari. Nilichimba kaburi lake mimi na watu wengine wa genge. Pazi alikuja kuzuia jeneza kama mtani, akalala njiani na suruali yake ya kazi, akalipwa kuku. Mzee Kasanda alicheka siku ile kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie. Niliona jinsi alivyompenda mama yake. Nililiona hilo, nikaliweka akilini bila kujua kwamba nitalitumia.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya mawingu. Tulikuwa tunapandisha kenchi za chuma za paa la ghala, na kwa kuwa upande wa mbele ulishajaa, fomeni akaagiza winchi ihamie nyuma, kule kulikosawazishwa. Fomeni alikuwa na haraka kwa ajili ya mvua. Mimi nilikuwa stoo nachagua waya. Kwa hiyo nilichokosa kukisikia niliambiwa baadaye na Pazi mwenyewe. Alizunguka kama kawaida. Alikanyaga, akachomeka nondo, nondo ikagoma. Aliinama penye mguu wa nyuma wa kulia akamwuliza Mzee Kasanda, "Hapa chini pana nini?" Na Mzee akajibu, "Pana kitoweo." Genge likacheka mpaka likashikana. Pazi naye akacheka. Alidhani anaambiwa yeye mla-vya-watu anatafuta chakula hata ardhini. Hakujua, Mzaramo yule, kwamba alikuwa amejibiwa kweli tupu. Pale ndipo tulipowachota kumbikumbi, na kichuguu nje ni saruji na ndani ni vyumba. Greda lilikikata kichwa tu; nyumba yote ilikuwa bado chini pale, na nondo ilikuwa imegota kwenye ukuta wake. Ningekuwepo ningejibu nini? Labda ningejibu vilevile. Mtani akiuliza, humpi jibu la mwalimu.

Nikarudi na waya. Tukafunga kenchi, nikaikagua, nikazungusha kidole, ikapaa vizuri. Genge lilikuwa limemaliza kufunga, likaenda kukaa kwenye kivuli cha ukuta na makopo ya uji, mahali ambapo mzigo haukupaswa kupita juu yake. Pazi akaanza kuizungusha kuelekea ukutani. Hapo nikasikia chini yangu mlio kama mtu anayetafuna mfupa. Nikageuka. Mguu wa nyuma wa kulia ulikuwa unakunywa mataruma. Unazama taratibu, kwa adabu, na winchi yote inainama nao, na mkono ukivutwa na uzito ukaja wenyewe mpaka kenchi ikawa juu ya kivuli, juu ya makopo ya uji. Nilitandaza mikono yote miwili. Pazi alishasimamisha kabla yangu. Kiti chake kilimwambia. Akiteremsha, anawateremshia vichwani. Akizungusha, anaukandamiza mguu unaozama. Hakuwa na la kufanya ila kuushikilia pale pale na kupiga honi.

Akapiga. Honi ndefu, ile ile.

Wakaangua kicheko. Mmoja aliyekuwa ameshainuka akakaa tena. "Ondokeni!" Pazi anapaza sauti dirishani, "Ondokeni jamani, siyo utani!" Na Mzee Kasanda, kopo mkononi, akanyoosha miguu vumbini. "Leo hatulipi! Wapagazi wamegoma!" Nikakimbia kwao nikipiga kelele, "Mguu unazama! Mzee, tokeni!" Wakanishangilia. "Msikieni karani wa Wazaramo! Amekulipa nini, papa mzima au kichwa tu?" Kila nilivyopaza sauti ndivyo walivyoona mchezo umenoga. Nikamshika mmoja mkono, akajilegeza chini kama mtoto asiyetaka kuogeshwa, wote wakafa kwa kicheko. Nilitazama juu. Kenchi ilikuwa inatikisika ncha zake. Na nikaelewa, sijui kwa akili ipi maana sikuwa nayo nyingi, kwamba hakuna neno la kweli litakaloingia pale, kwa kuwa maneno yote ya kweli yalishatumika kwa mzaha. Lilibaki neno moja ambalo halina mzaha kwa mtu yeyote wa kwetu.

Nikasimama mbele ya Mzee Kasanda, mwenye nyumba niliyolala, aliyenipeleka kazini, nikamtukana uchi wa mama yake. Kwa Kinyamwezi, kwa sauti ya kusikika na wote, na nikataja jina la marehemu ili pasiwe na shaka.

Kicheko kilikatika kama waya. Kati ya Mzaramo na Mnyamwezi lingekuwa gumu. Kati ya kijana na mzee wake wa nyumba moja, na udongo wa kaburi haujakauka, halina mahali pa kuwekwa. Mzee Kasanda aliinuka. Sijapata kuona mtu wa umri ule akiinuka namna ile. Alinyakua chepe, na nilipoona ameshika chepe nikafurahi, Mungu anajua, nikageuka nikakimbia kuelekea lango, naye nyuma yangu, na genge lote nyuma yake, wengine wamshike, wengine wanishike mimi. Nilimwacha anikaribie ili asikate tamaa. Alinifikia langoni, chepe likiwa hewani, na hapo hapo nyuma yetu ardhi ikapasuka kwa kishindo. Chepe likabaki juu. Wote tukageuka. Winchi imelala ubavu, mkono wake umevunja ukuta, na kenchi imelala pale kwenye kivuli imekunja makopo yote ya uji. Mzee Kasanda akaitazama kenchi muda mrefu. Akanitazama mimi. Kisha akanipiga na lile chepe hata hivyo, begani, na kovu ninalo.

Pazi tulimtoa na mtulinga umevunjika na uso wote damu. Hakuwa ameruka. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa anamhesabia Kasanda hatua za kutoka, na hakuona sababu ya kuachia nyenzo kabla ya mtu wa mwisho. Siku chache baadaye fomeni na wakubwa wa kandarasi walimweka kwenye kiti, mkono kwenye tanzi la kitambaa, sisi wote tumesimama dirishani. "Uliuliza habari za ardhi ile?" Akasema, "Sikuuliza." Mzee Kasanda alikuwa bega kwa bega nami pale dirishani, hatusemezani. Nilisikia pumzi yake ikisimama. "Wewe unayejulikana kwa kuuliza, hukuuliza?" "Sikuuliza, bwana." Wakamfukuza kazi. Mzee Kasanda akaondoka dirishani.

Mimi jioni ile ile ya kishindo nilikuwa nimeshakuta godoro langu nje. Mama Kalunde alikuwa amelikunja vizuri na kuweka juu yake kifuko cha michembe. Pazi, na mtulinga wake, alinipeleka kwa Mzee na mbuzi ili kusuluhisha, maana hiyo pia ni kazi ya mtani. Mzee alimpokea Pazi bila kumtazama machoni. Kwangu akasema, mbele ya watu wa mtaa, "Mbuzi nitampokea. Aseme tu kwamba siku ile alipatwa na wazimu." Wote wakanigeukia. Ilikuwa rahisi hivyo. Nikasema, "Mzee wangu, adabu yangu nimeivunja, nipige tena. Lakini siyo wazimu. Lilikuwa neno la akili kuliko yote niliyowahi kusema." Pazi alinikanyaga mguu, nimeshachelewa. Mzee akasimama akaingia ndani. Mbuzi akarudi na sisi. Watu wameniambia miaka yote hii kwamba nilikuwa na kiburi. Nilikuwa nacho, bado ninacho, ndicho kilichoninunulia winchi. Ila kusema kwamba watu wale wako hai kwa wazimu wangu, hapana.

Tuliondoka na Pazi kwa garimoshi, tumekaa sakafuni karibu na mlango, njia nzima akinitukana kwa ajili ya mbuzi. Hapo ndipo aliponiambia habari ya kitoweo. Nikachemka, nikataka kushuka kituo kinachofuata nirudi kumwambia fomeni. "Kaa chini, mpagazi," akasema. "Lile lilikuwa neno la utani. Nikilipeleka barazani, nani atanitania tena? Kosa langu mimi ni honi. Honi ina kazi moja. Mimi niliipa mbili." Hadi leo kila dereva ninayemwajiri ananiona mzee msumbufu, kwa sababu akiigusa honi kumsalimu msichana, siku hiyo hiyo anarudi kwao. Tulizunguka naye kanda ya ziwa miaka, na kwenye kiti alinikalisha huko, baada ya kunifanya nikanyage udongo mpaka visigino vikaota sugu. Baadaye alirudi Tabora akaoa mtoto wa hapa, nami nikarudi. Yeye na Mzee Kasanda waliendelea kutaniana. Mimi nikipita natoa shikamoo yangu, Mzee anageuza uso kwenye ukuta, na jibu linakuwa la ukuta.

Basi jana tumemzika Pazi. Jeneza lilitoka nyumbani kwake Isevya baada ya sala ya adhuhuri, na lilipofika njiani nikatangulia mbele, nikageuka, nikatandaza mikono yote miwili, viganja chini. "Hongo!" Wabebaji wakasita. Kijana mmoja mwenye simu mkononi akauliza, "Huyu mzee vipi tena?" Mwingine akamwambia, "Nyamaza, ni mtani." Shehe akakohoa, akatazama saa. Nikasema, "Amekula michembe yangu tangu siku ya kwanza. Hapiti."

Ndipo nikaona watu wanapisha. Mjukuu alikuwa amemleta kwa bodaboda. Akaja taratibu na fimbo yake, kofia imemzidi kichwa. Mzee Kasanda alinipita karibu kiasi cha kugusana kanzu, asinitazame. Akasimama mbele ya jeneza. Akaitupa fimbo, akajishusha kidogo kidogo mpaka akakaa chini katikati ya njia, akanyoosha miguu vumbini.

"Leo hatulipi," akasema. Sauti imebaki ile ile, imechakaa tu kingo. "Wapagazi wamegoma."

Vijana wakacheka, wakidhani ni mazoea ya wazee. Mimi sikucheka. Akanigeuzia uso. "Haya, Maganga. Watu wanataka kupita. Nitoe hapa. Lile neno unalo bado?"

Ninalo. Nimetembea nalo maisha yote. Lakini nilimpa kile nilichokuwa nikimpa kila siku. "Shikamoo, Mzee Kasanda."

Hakuitika. Alikuwa analitazama jeneza. "Aliniuliza hapa chini pana nini," akasema, "nikamwambia kitoweo."

"Najua. Aliniambia."

"Kwa nani mwingine alisema?"

"Hakuna."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeonjeshwa kitu kikali. Mwanahawa alikuwa ameshamtuma mtoto na sahani: vipande vya muhogo wa kuchemsha, hongo ya baba yake. Mzee akachukua kimoja, akakivunja, nusu akaitia mdomoni. Nusu akainyoosha kwangu bila kunitazama. Nikaila pale pale nimesimama.

"Sasa nitoe," akasema. "Magoti yamekufa kabla yangu."

Nikarudi nyuma yake, nikapitisha mikono chini ya makwapa yake. "Shikamoo, Mzee," nikamwambia kisogoni.

"Marahaba," akasema. "Inua."

Nikakanyaga kwanza udongo kwa kisigino, kulia, kisha kushoto. Ndipo nikainua.